Taa za Maganga

Ijumaa, 3 Julai

Vitumbua vimeungua upande mmoja. Nimeviuza hivyohivyo. Waliolalamika nimewaambia wageuze.

Saidi kaja na gari nikiwa bado jikoni. Hakuingia, anapiga honi tu uani. Nikatoka na mwiko mkononi. Mjukuu wangu huyu, mtoto wa Rehema, ni mume wangu tangu alipozaliwa, na leo alitaka mkewe aone kitu. Kanivuta mpaka nyuma ya gari. Taa za nyuma zimebadilishwa. Zile za balbu hazipo. Sasa ni vitone vyekundu vingi, kila kimoja kama punje ya mtama, vimepangwa mistari mistari. Vijana wanaziita taa za LED. Akikanyaga breki zinawaka zote kwa pamoja, zinachoma macho.

Nikamwambia, "Gari langu limevaa shanga kiunoni." Kacheka mpaka akakaa chini.

Kazifunga Maganga, fundi wa Segera. Mimi sikuulizwa. Gari ni langu, shamba alilotuachia marehemu babu yake Saidi kule Vugiri ndilo lililogeuka gari, na teksi hiyo ya Korogwe na Handeni ndiyo inayotulisha sote hapa Masuguru. Nimenuna kidogo. Lakini zinapendeza, nisiseme uongo.

Jumapili, 5 Julai

Nimekwenda Handeni na Saidi kumpa wifi yangu pole. Barabara ile ni vumbi na makorongo matupu, mtu unafika meno yamechoka kugongana. Tuliposimama Saidi akazunguka nyuma. Taa ya kushoto imelala. Akaipiga kofi, ikaamka.

Nikamwambia taa ya kuamshwa kwa makofi siitaki. Basi kurudi hatukuingia nyumbani, tumepitiliza hadi Segera kwa Maganga.

Maganga ni mtani wangu. Yeye Mnyamwezi, babu yake aliletwa huku manamba kukata mkonge, wakabaki. Mimi Mzigua. Kwa hiyo sisi hatusalimiani, tunatukanana. Kaniona tu nashuka, akapaza sauti watu wote wasikie:

"Mtumwa wangu huyo! Mwaka wa njaa mlijiuza kwa pishi ya mahindi, leo mnapanda teksi?"

Nikamwambia babu yake alibeba mizigo mpaka kichwa kikawa bapa, ndiyo maana mjukuu akili hazikai, zinamwagika. Kisha nikachukua machungwa yake mawili mezani, nikayafunga kwenye kanga. Mtani akichukua kachukua, hukasiriki. Ukikasirika wewe ndiye mwenye aibu.

Taa kaifungua, kaipuliza, kazungushia selotepu, kaifunga. "Vumbi tu, bibi." Saidi kamwomba zile taa za zamani azirudishe, gari liwe lilivyokuwa. Kumbe kishaziuza. "Nani anataka balbu siku hizi?" anasema. Pale kwake pana maboksi ya taa hizo hadi darini. Tangu ruksa ya kuingiza bidhaa ije kila kitu kinakuja kwenye boksi, kinang'aa. Zamani tulipanga foleni ya sukari. Sasa sukari ipo, na vya kutudanganya vipo.

Jumanne, 14 Julai

Saidi kagongwa.

Barabara ya Handeni, jua limeshazama. Lori la mkaa limemparamia kwa nyuma. Yeye kapasuka paji la uso tu. Mama aliyekaa kiti cha nyuma kavunjika nyonga.

Mengine kesho. Basi.

Jumatano, 15 Julai

Niandike vizuri sasa.

Dereva wa lori anasema hakuona kitu. Vumbi lile, giza linaingia, na mbele yake hakuna hata kitone kimoja chekundu. Kashtukia yuko juu ya gari langu. Walioshuka kuwasaidia nao wanasema hivyo. Taa zote mbili za nyuma zilikuwa zimezima.

Saidi anasema alipotoka Handeni alizikagua, zilikuwa zinawaka. Namwamini. Mtu akikaa kwenye usukani haoni matako ya gari lake.

Polisi hawamwamini. Wanasema kaendesha gari la abiria gizani bila taa, makusudi, anajua. Wamechukua leseni, wamemweka ndani Handeni. Ofisa mmoja kijana, kaniamkia vizuri tu, "Shikamoo bibi," halafu akaniambia mjukuu wangu anaweza kufungwa, maana yule mama huenda asitembee tena. Nimemuuliza, na fundi aliyefunga taa? Akasema fundi akija akaeleza kazi yake, mambo yatakuwa mengine. Asipokuja, taa ni za mwenye gari.

Kwa hiyo ni Maganga. Akisema, Saidi anatoka. Asiposema, Saidi anafungwa. Sina pa kwenda kwingine.

Nimekwenda Segera jioni hiyohiyo. Nimemweleza yote, na kilio juu. Kanisikiliza anafuta mikono kwa tambara. Kisha akasema, "Bibi, zilitoka hapa zinawaka. Yaliyotokea mbele ya safari mimi siyajui."

Nikamkumbusha selotepu. Akasema hakumbuki selotepu.

Nimerudi nyumbani nimekaa sebuleni na viatu miguuni. Namchukia. Naandika tena ili nisisahau kesho asubuhi: namchukia.

Ijumaa, 17 Julai

Saidi katoka kwa dhamana. Bandeji kichwani. Nimemwogesha kama mtoto, kakataa, nimemwogesha hivyohivyo. Nimempikia bada, ugali wa muhogo, na mlenda, kala tonge mbili. Mume gani huyu. Nimemkalia mpaka akamaliza sahani.

Nimekwenda hospitali kwa yule mama. Anaitwa Mama Neema, anauza maharage mnadani. Aliposikia mimi ni bibi wa dereva kageukia ukutani. Ana haki. Nimemwaga maji ya zamani, nimeleta mapya, nimemsuka nywele zilizokuwa zimejaa vumbi la siku ile. Hakunishukuru. Sikwenda kushukuriwa.

Wakati namsuka nilikuwa nawaza jambo moja tu. Nitamfanya nini Maganga.

Jumapili, 19 Julai

Nimelipata.

Yeye mtani wangu. Nikienda kwake siwezi kufukuzwa. Nikimharibia kazi hawezi kukasirika. Nikimwaibisha mbele ya wateja lazima acheke. Hakuna polisi wala mwenyekiti wa mtaa anayeweza kumtoa mtani kwa mtani wake. Nitakwenda kufa pale kwake. Watani tunajua kufa, misiba mingapi tumelala mbele ya jeneza tukataka tulipwe ndipo watu wapite.

Rehema kaniona natoa shuka jeupe sandukuni. "Mama, la nini hilo?" Nimemwambia la kumzikia Maganga. Kaanza kulia. Mwanangu huyu machozi yake yako karibu sana.

Jumatatu, 20 Julai

Nimefika Segera magari ya Arusha yanapita. Nimetandika mkeka mlangoni pa Maganga, katikati kabisa, gari haliingii wala halitoki. Nimejifunika shuka kuanzia utosini. Nikaanza kujililia mwenyewe.

"Nimekufa kwa taa za Maganga! Njooni mnione! Zinang'aa dukani, zinazima barabarani! Mwenye kutaka kuzikwa afunge taa kwa Maganga!"

Watu wamejaa. Wauza ndizi, wauza machungwa, utingo, abiria wa mabasi. Wanacheka, wengine wanarusha mia kwenye mkeka. Moyo wangu ukasema vizuri, bado.

Maganga katoka. Mimi nilingoja akasirike. Mtoto wa manamba yule, kapiga magoti karibu yangu kaanza kunililia! "Jamani Mzigua wangu kafa! Nani sasa ataniibia machungwa? Mchimbieni kaburi fupi, Wazigua hawapendi kutumia jembe!" Watu hoi. Kaniwekea soda ya machungwa kifuani, malipo ya mtani, ili maiti ipishe njia.

Nimepisha. Ndiyo taratibu. Soda nimeinywa nikiwa na hasira, hata utamu wake sikuusikia.

Jumanne, 21 Julai

Nimekufa tena.

Leo wamekuja wengi zaidi. Kumbe habari zimefika hadi Korogwe mjini. Kuna waliokuja wakauliza, yule bibi anakufa saa ngapi?

Jumatano, 22 Julai

Sitaki hata kuandika.

Nikiwa chini ya shuka, nasikia watu wananicheka, halafu nasikia wananunua. Dereva wa kibasi anasema, "Hizi ndizo taa za yule bibi? Nifungie na mimi." Nimefunua uso nikaona. Magari matatu yamepanga mstari yanangoja kuvalishwa shanga. Maganga jasho linamtoka kwa kazi, ananipungia mkono.

Nimemletea wateja! Mimi! Mwanamke mzima nimelala kwenye vumbi la Segera nikimfanyia tangazo mtu anayetaka kumfunga mjukuu wangu.

Nimekunja mkeka. Njia nzima nimejitukana, na mimi nikijitukana sijionei huruma.

Alhamisi, 23 Julai

Sijatoka ndani. Vitumbua kapika Rehema.

Nimefikiri. Kosa langu nimeliona. Nimekwenda kumpiga kwa utani, na utani haupigi. Utani kazi yake ni kutoa sumu kwenye maneno. Kila nililomtupia Maganga lilifika kwake limeshakuwa mchezo. Nilimwambia muuaji, watu wakasikia kichekesho. Hata yeye kasikia kichekesho. Pengine usiku analala usingizi mzuri, anasema bibi kanisamehe, si anatania?

Basi ajue mimi si mtani wake.

Ijumaa, 24 Julai

Nimevaa gauni la Idi. Nimechana nywele. Nimekwenda Segera nimesimama mlangoni kwake.

Kaanza: "Mtumwa wangu, leo unakufa bila shuka?"

Nikasema, "Habari za kazi, bwana Maganga."

Kacheka. Akatupa tusi jingine, zuri kweli, la mbuzi na Wazigua. Nikasema, "Sawa, baba. Mola akubariki." Sikutabasamu. Nikavuka barabara, nikakaa kwenye kigoda cha muuza korosho, nikatoa ukindu wangu nikaanza kusuka.

Nimemtazama kutwa nzima. Kila alipoinua uso alinikuta. Watu walikuja kutaka maiti, nikawaambia hakuna maiti hapa, kuna mtu ana kazi zake.

Jumamosi, 25 Julai

Kaniletea chai. Nimesema asante, nimempa muuza korosho.

Jumatatu, 27 Julai

Leo hakunitukana. Kaniambia "Shikamoo."

Miaka yote hiyo hajawahi. Nimeitika, "Marahaba, mwanangu." Kapauka kama unga. Bisibisi imemteleza. Nimefurahi mpaka nikaogopa furaha yangu.

Kurudi nimepitia hospitali. Mama Neema ameweza kukaa. Kaniuliza kama mjukuu wangu anakula. Nikasema nikimsimamia. Akasema mwanawe naye yuko hivyo. Tumekaa.

Jumatano, 29 Julai

Mama yake Maganga kaja Masuguru. Mwanamke wa umri wangu, katokea kambini kwenye mkonge, kapanda na kushuka mabasi na miguu yake ile ya kuvimba. Tumetukanana na huyu tangu wote tuna meno yote. Nimemkaribisha kwa heshima. Nimemwita "bibi mkubwa." Hapo hapo kaanza kulia.

"Umemnyamazia mwanangu," anasema. "Bora ungempiga. Usiku halali, anatembea ua mzima. Wenzake kijiweni wanamuuliza kafanya nini mpaka Mzigua akamwamkia kama mgeni."

Moyo umeniuma. Nampenda mwanamke yule. Lakini nimemwambia wazi, bila kupaza sauti:

"Mwambie nikifa asije. Asishike jeneza, asiruke kaburi, asidai chochote. Mtani wangu hayupo. Watu wakiuliza mbona maiti ya bibi haina wa kuitania, Saidi atawaambia. Kama hatakuwa amefungwa."

Katoka bila kumaliza maji. Nimesimama mlangoni namtazama anavyochechemea kwenda stendi. Sikumwita. Nilitaka kumwita.

Jumamosi, 1 Agosti

Maganga kaja mwenyewe.

Saidi alipomwona kaingia chumbani akafunga. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nimemwonyesha kiti, kakaa chini kwenye sakafu.

Katema yote. Anasema anazitumbua taa za gari, anatoa balbu, anatia kibao cha vitone, anabandika gundi. Vinatakiwa kila upande uwe na waya wake, viunganishwe kwa risasi iliyoyeyushwa kwa moto. Yeye huwa anaunga kwa kusokota na selotepu, na pande zote mbili anazipitisha kwenye waya mmoja, maana kazi inakwisha haraka na wateja wamesimama. Barabara ya lami haina neno. Barabara ya Handeni inatikisa, msokoto unalegea, vitone vinazima vyote, kushoto na kulia. Balbu ingekufa moja, nyingine ingebaki. Anasema magari mengine yalisharudi hivyohivyo. Alikuwa anazungushia selotepu nyingine.

"Nilijua siku ile ulipokuja unalia," kasema. "Niliogopa."

Nimeendelea na mchele. Nikamwambia, "Yaeleze hayo Handeni, baba. Mimi si polisi."

Kaniangalia, anangoja. Mtu mzima amekaa kwenye sakafu yangu anangoja nimwite mtumwa.

Nikamuuliza kama anataka maji.

Jumatatu, 3 Agosti

Kaenda. Nilikuwepo, nimesimama nyuma mlangoni. Kawaeleza polisi mbele ya mkaguzi wa magari, gari langu limesimama pale uani limebonyea. Mkaguzi kavuta waya, selotepu ikamfuata mkononi yote. Kasema kitu cha kitaalamu, halafu akasema kwa Kiswahili, "Huu ni upuuzi."

Nilitaka kucheka kwa sauti. Nilitaka Segera yote iwe pale.

Sasa mwenye kesi ni Maganga. Wamemwachia kwa dhamana.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimepita Segera kwenye basi. Kwa Maganga pamejaa magari, lakini safari hii yamegeuza matako barabarani na taa zimefumuliwa. Anazifunga upya, moja moja, kwa moto. Madereva wanamsimamia wanamtukana. Si utani. Nimewasikia dirishani.

Nimefumba macho nisikilize vizuri. Basi likaondoka mapema mno.

Jumapili, 9 Agosti

Mama Neema kasimama na magongo. Hatua chache, kutoka kitandani hadi dirishani. Saidi alikuwepo, alikwenda kuomba radhi. Walilia wote wawili, na mimi nikawaambia kelele zimezidi, kuna wagonjwa. Nilitoka nje nikalia peke yangu.

Alhamisi, 13 Agosti

Saidi karudishiwa leseni. Kesi yake imefutwa. Kalala mchana kutwa, nimemwacha.

Gari limerudi. Kalileta Maganga. Kanyoosha bodi, kaweka taa za balbu, sijui kazitoa wapi. Kaniita nyuma nione. Kakanyaga breki. Zimewaka mbili, za kawaida tu, rangi ya nyanya.

Nikasema nimeona.

Akasimama pale anajifuta mikono yake mirefu. Halafu akasema polepole, "Mtumwa wangu. Bado hujafa tu?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuja lenyewe, limekamilika, linamhusu yeye na babu yake na selotepu. Zuri kuliko yote niliyowahi kumtupia. Nililisikia kwenye meno.

Nikasema, "Bado, baba. Asante kwa kazi."

Kaitikia kwa kichwa. Kaenda stendi kwa miguu.

Nimefunga mlango. Nimekula. Jibu bado liko mdomoni.